Dungusi la Fideli na Ndoo ya Jumapili

Wapendwa wa kwaya na majirani wa Yeoville hapa Johannesburg, tangu nirudi kila mmoja wenu ananisimamia mlangoni na kuuliza, "Melkiori, huko jangwani ilikuwaje?" Mnaniuliza nikiwa na pini mdomoni, halafu mnashangaa sijibu. Nimeona niandike mara moja, mpokezane, mniache nimalize nguo za watu. Habari za tiketi na karatasi sitazisimulia, maana mnazijua kuliko mimi. Safari ya kurudi nayo naiacha. Basi halikuharibika na hakuna aliyenikosea, kwa hiyo sina cha kuandika.

Kwa asiyejua, mdogo wangu Fideli alifanya kazi miaka sita kwenye shamba la madungusi, mbali huko magharibi, upande wa mji wa Pofadder. Dungusi ni ule mti wa miiba usio na majani. Sisemi vile vidogo mnavyoweka dirishani kwenye kopo la rangi. Nasema majitu, mengine marefu kuliko nguzo ya umeme, asili yake majangwa ya Amerika. Mwaka jana, shule zilipokuwa zinafunguliwa, Fideli aliugua kifua siku nne akafa. Wenzake walimzika hukohuko, na upande wa kichwa wakampandia dungusi la kimo cha bega langu.

Mimi sikwenda kumzika. Niliwaambia ninyi na Mama kwamba nina sare za shule za kushona. Mkanielewa, maana ninyi ni watu wema na watoto wenu walikuwa wanazisubiri. Hazikuwa sare. Niliogopa kuona.

Badala ya kwenda nilimpigia simu Ramadhani, mtu wa kwetu Rumonge, kando ya ziwa, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Fideli. Nikamwagiza kwamba mti ule usikauke. Kwetu kaburi lenye maua makavu ni aibu. Wapita njia wanauliza kama marehemu alizaliwa peke yake. "Kila Jumapili," nikamwambia, "ndoo nzima." Kila mwezi alinitumia picha, nami kila mwezi nikauona mti unanenepa, nikamshukuru, nikajiona ndugu wa maana.

Sasa Mama. Mwaka ulipotimia, ukoo ulitaka kumaliza msiba. Mama akakataa. Mjomba Gerivazi, kaka yake, alimwambia kijana analala vizuri. Mama akamuuliza, "Umeona?" Mjomba hakuona. Mama akasema hatavua nguo ya msiba mpaka mmoja wa tumbo lake asimame pale, amwambie kwa mdomo wake kama mtoto amelala vizuri au vibaya. Waliobaki wa tumbo lake tuko mmoja. Siku ikapangwa, Jumamosi, saa nne asubuhi, ukoo wote uwanjani kwa Mama na simu katikati ya meza. Nikisema vizuri, msiba unaisha. Nikisema vibaya, unaendelea, na Mama ana miaka mingi. Kudanganya hakunisaidii. Mama ananijua sauti tangu sijaota meno.

Johannesburg hadi Vryburg: aliyekufa

Niliondoka Alhamisi asubuhi na suti yangu nyeusi mwilini, kwa sababu begi lilijaa ndagala. Kilo mbili za ndagala, yaani dagaa wakavu wa ziwa letu, zawadi ya Ramadhani, ambaye kwa miaka sita alikuwa hajala samaki mwenye jina. Niliwafunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki nikawaweka chini ya kiti.

Basi lilikuwa la kifahari. Najua kwa sababu liliandikwa hivyo ubavuni. Madirisha yake hayafunguki, maana basi la kifahari lina hewa yake lenyewe, na hewa hiyo ilikatika mara tu tulipoupita mji. Jua likapanda. Ndagala, ambao hawana subira, wakaanza kujitambulisha.

Mbele yangu alikaa mama mmoja Mtswana, mwenye kofia ya kanisa, aliyeitwa Mma Dineo. Jina nililijua baadaye. Alivumilia kwa muda, kisha akasimama, akageuka, akauliza kwa Kiingereza na kwa sauti ya kutosha basi zima:

"Jamani, nani amekufa humu ndani?"

Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi bila kuongea na mtu. Nikamjibu, "Ndugu yangu."

Sikutania. Aliuliza nani amekufa, na mimi jibu nilikuwa nalo.

Mma Dineo akashika kifua. "Eish, baba. Samahani, baba." Akaitazama suti yangu, kisha akainama, akanong'ona, "Yumo humu kwenye basi?"

"Hapana, mama. Yuko Pofadder tangu mwaka jana."

Akafikiri. "Sasa kinachonuka ni nini?"

"Ni samaki."

"Samaki wa marehemu?"

"Wa rafiki yake."

Aliniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa bila futi. Kisha akafungua kikapu chake akanipa paja la kuku na magwinya mawili, yale maandazi makubwa ya hapa yasiyo na sukari, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. "Mtu wa msiba hali," akawaambia wengine, kana kwamba mimi sipo. "Ukimwacha, hatakula." Yule wa kiti cha nyuma akaleta machungwa. Mwingine akaleta chipsi. Sijawahi kushiba kwenye basi kama siku ile, na ndagala wakaendelea kunuka bila mtu kuthubutu kusema neno.

Nilipomweleza kuhusu dungusi la kaburini, Mma Dineo alikunja uso. "Hayo si ya hapa, baba. Yametoka Amerika. Kwa dada yangu yameota mlima mzima, watu wa serikali wanakuja kuyang'oa. Wageni hao. Wanatunywea maji yetu."

Nikamwambia nimesikia, na kwamba upande wangu mimi nakunywa kidogo sana.

Akacheka, akanipiga begani. "Si wewe, baba. Wewe umefiwa."

Akashuka Vryburg. Alininyooshea kidole kupitia kioo, halafu akaonyesha mdomo wake. Maana yake nile.

Vryburg hadi Upington: dakika ishirini

Mbele kidogo basi likatoa mlio wa mbuzi na kusimama. Dereva, mtu mtaratibu mwenye shanga za imani mkononi, akatangaza kwamba mkanda wa injini umekatika, dakika ishirini tu. Ni mtu mkweli. Hakusema ni dakika za nani.

Hakukuwa na mti. Mnaposikia jangwa mnadhani mchanga, lakini hapa ni majani ya manjano, waya wa seng'enge, na mbingu iliyokaa karibu mno. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha basi lenyewe, tukakaa humo mstari mmoja kama nguo zilizoanikwa. Jua likisogea, kivuli kinasogea, nasi wote tunanyanyuka na kusogea. Baada ya saa mbili tulikuwa tumelizunguka basi nusu, tukafahamiana vizuri.

Mtu akamwambia dereva kwamba mimi ni fundi cherehani. Dereva akaja na mkanda wake mkononi.

"Fundi, shona."

"Mkanda wa injini haushonwi, kaka."

"Umewahi kujaribu?"

Sikuwahi kujaribu. Nikatoa sindano ya turubai na uzi wa viatu, nikaushona mishono miwili, safi, yenye kurudiwa. Watu walisimama kunitazama, mmoja akapiga picha. Dereva akaufunga, akawasha. Ulidumu muda wa mtu kusema amina. Dereva akanishukuru kwa heshima zote na kunirudishia uzi.

Mkanda mwingine uliletwa na gari jingine baada ya saa tano. Tulifika Upington watu wa maana wote wamelala, nami nikalala kwenye benchi la kituo, kichwa juu ya ndagala. Hakuna aliyejaribu kuniibia.

Upington hadi shambani: ja

Ijumaa asubuhi ilibidi nipate gari la kunifikisha shambani. Gari la shamba lilikuwa linakuja sasa hivi. Nimekaa Johannesburg miaka kumi na moja na naijua sasa hivi ya nchi hii, kwa hiyo nilijitafutia mwenyewe. Kwenye kituo cha petroli nikampata mzee mmoja, Oom Dawid, mwenye lori la chakula cha kondoo. Oom ni mjomba kwa Kiafrikana, na huyu alikuwa mjomba wa wote. Kiingereza chake kilikuwa kama Kiafrikana changu, yaani hakikuwepo. Nilisema "Pofadder", nikataja jina la shamba, akafungua mlango.

Aliongea njia nzima. Mimi nilikuwa na neno moja, "ja", yaani ndiyo, nikalitumia vizuri. Akinyoosha mkono kwenye mlima, nasema ja. Akionyesha angani na kutikisa kichwa, nadhani habari za mvua, nasema ja kwa huzuni. Mara akaniuliza jambo fulani kwa muda mrefu, akanishika mkono, akanitazama machoni. Nikasema ja, ja. Akafurahi sana.

Kwenye shamba la kwanza akasimamisha lori, akafungua nyuma, akanipa gunia. Ndipo nikajua nilichokubali.

Tulisimama kwenye mashamba saba. Nilishusha magunia kwa suti nyeusi, jua likiwa kali kiasi kwamba hata kondoo walinitazama kwa huruma. Saa nane mchana Oom Dawid akawasha moto wa kuni, akaoka mikate juu ya makaa, akanipa ya kwanza na siagi na jemu ya aprikoti, matunda madogo ya manjano yanayokaushwa huko. Aliongea tena, polepole, akionyesha suti yangu, kisha ardhi. Nikaelewa anauliza nani. Nikaonyesha mkono kimo cha mtu mfupi kuliko mimi. Akavua kofia, akaiweka gotini, tukala bila maneno. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo aliponyamaza, na mara ya kwanza tulipoelewana.

Pofadder, nimeambiwa, ni jina la nyoka, bafe yule mnene mvivu. Mji wenye jina kama hilo haukuahidi ukarimu kwa mtu. Tukaupita.

Shambani: marinda

Madungusi niliyaona kabla ya nyumba. Yamesimama kwa mistari, mamia, mikono juu kama watu waliokutwa na polisi. Hapo yanakuzwa, kisha yanapakiwa kwa kreni na kupelekwa kwetu Johannesburg, kwenye bustani za Sandton. Tajiri wa Sandton anataka mti usiohitaji kumwagiliwa. Anaununua, kisha anaajiri mtu wa kuumwagilia.

Ramadhani alikuja akikimbia. Ni mtu mrefu, mweusi tii, mwenye ndevu za kupangwa. Tulikumbatiana. Nikampa ndagala, akazika uso ndani ya mfuko akakaa hivyo, na alipoutoa alikuwa hatazami machoni mwangu. Nikadhani ni ndagala.

"Kaka, pumzika kwanza. Oga, ule. Kaburini kesho."

"Twende sasa."

"Jua bado kali."

"Ramadhani, twende."

Kaburi liko mwendo wa nusu saa, juu ya mteremko wa mawe, pamoja na makaburi mengine manne ya wafanyakazi. Lilikuwa limefagiwa. Mawe meupe yalipangwa pembeni kwa kamba, mstari haukupinda. Msalaba wa chuma, jina limeandikwa sawa. Na upande wa kichwa palikuwa na dungusi la picha, limefungwa kwenye nguzo tatu kwa waya kama mgonjwa aliyesimamishwa apigwe picha. Juu lilikuwa kijani. Chini, sehemu ambayo picha hazikufika, lilikuwa jeusi na laini. Lilikuwa limepasuka ubavuni kutoka chini hadi kiunoni, usaha unatoka. Harufu yake niliijua. Ndagala wangu walikuwa manukato.

Ramadhani alisimama mikono nyuma. "Tangu mwezi wa nane, kaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia kwenye simu. Ningekwambiaje?"

Nyuma yetu mtu akakohoa. Alikuwa Tannie Katriena, mama mfupi wa huko, mwenye kitambaa kichwani na kisu cha kazi kiunoni, msimamizi wa miche yote. Tannie maana yake shangazi, na alikuja na ulimi wa shangazi. Alisema Kiafrikana, Ramadhani akatafsiri, kwa uaminifu ambao sikuuomba.

"Anauliza wewe ndiye yule wa ndoo."

"Mwambie ndiye."

"Anasema... samahani kaka, natafsiri tu... anasema wewe ni mpumbavu."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema aliniambia mimi niache. Mimi nikamwambia mwenye ndugu amesema. Anasema mwenye ndugu anakaa Johannesburg anashona suruali, mvua ya hapa anaijuaje."

Kisha alinishika mkono wa koti akanipeleka chini, kwenye dungusi kubwa lililo hai, akaniwekea kiganja kwenye ubavu wake, katikati ya safu za miiba. Lina migongo na mabonde kutoka juu hadi chini. Akauliza kazi yangu ni ipi hasa. Ramadhani akamwambia.

"Basi anasema utazame. Hii ni nini?"

Nikatazama. Ndugu zangu, yalikuwa marinda. Marinda kamili, ya kina sawa, kama sketi ya shule. Mnajua kwa nini tunatia marinda. Mtu akae, atembee, ashibe, nguo ipanuke bila kuchanika. Dungusi likinywa, marinda yanafunguka. Ukame ukija, yanajikunja tena, na mti unaishi kwa kilichomo tumboni, hata mwaka, hata zaidi. Miezi kumi na miwili nilitazama picha za dungusi la Fideli, marinda yakinyooka mwezi hadi mwezi mpaka likawa laini kama pipa, na mimi fundi niliyeshona miaka ishirini na mitano nikaandika, "Asante, linapendeza." Mtoto angekuja dukani na sketi iliyokaza namna ile ningemwambia mama yake inakaribia kupasuka.

Tannie hakuwa amemaliza. Mizizi yake, alisema, haiendi chini. Inatandaa kama mkeka, vidole vichache tu ndani ya ardhi, mbali kama mti ulivyo mrefu. Mvua ya robo saa inaidaka yote, kisha vile vinywa vidogo vya mizizi vinakufa na mti unafunga mlango. Majani yamegeuka miiba, na miiba ndiyo mwavuli wake. Mchana ngozi inafunga pumzi, inapumua giza likiingia, maji yasipotee. Utotoni linajificha chini ya kichaka cha mwingine, na miaka kumi ya kwanza linafika urefu wa kidole. Mkono wa kwanza linatoa likiwa mzee kuliko mimi.

"Anasema wakati wa baridi limelala. Halinywi kabisa. Wewe ukalimiminia maji limelala."

"Nilimimina mimi," akaongeza Ramadhani kwa sauti yake mwenyewe. "Na lile shimo la kupandia tulilijaza mbolea ya kondoo. Kwa heshima."

Tannie akasema neno moja. Ramadhani hakulitafsiri.

Nikauliza kama linaweza kupona. Akasema tuje asubuhi, kukiwa na ubaridi.

Jumamosi saa moja Tannie alifungua waya, tukaling'oa na kulilaza mimi na Ramadhani kwa magunia mikononi. Akakata kwa msumeno juu ya sehemu nyeusi. Katikati ya nyama ya kijani kulikuwa na duara la kahawia. Akatikisa kichwa. Akakata tena, shibiri moja juu. Duara lilikuwepo, dogo zaidi. Nilikuwa nimeshika kichwa cha dungusi na miiba imepita gunia, lakini sikuachia. Akakata mara ya tatu. Akainama, akafuta msumeno, akatazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole.

"Skoon," akasema.

Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Ni safi. Kwenye mti wa kimo cha bega kilibaki kipande cha urefu wa mkono kutoka kiwiko.

"Tulipande," nikasema, nikachukua sepetu.

Alinipiga mkono kama mtoto anayegusa chungu. Kidonda kibichi hakipandwi, kinaoza. Kipande kinalazwa kivulini, bila udongo, bila tone la maji, mpaka kidonda kiwe kigumu kama ngozi ya kiatu. Miezi mitatu. Pengine minne.

"Na ndani ya miezi hiyo afanye nini?" Ramadhani akauliza, akimaanisha mimi.

Tannie Katriena alijibu kwa furaha kubwa.

"Anasema, hakuna kitu. Anauliza kama hilo unaliweza."

Akakibeba kipande chini ya kwapa kama mkate, akateremka nacho.

Kilimani: saa nne

Kaburini hakuna mtandao. Mtandao uko juu ya kilima cha pili, unaposimama kwenye jiwe fulani na kuelekea kaskazini. Tulipanda. Saa nne kasoro dakika chache ujumbe wa Mjomba Gerivazi ukaingia, "Sema tu analala vizuri. Watu wana njaa."

Nikapiga. Nikasikia viti, watoto, chupa za Fanta, mtu akisema nyamazeni.

"Melkiori," Mama akasema. "Umesimama kwake?"

"Hapana, Mama. Hapo hakuna mtandao. Niko kilimani, naliona kaburi."

"Haya. Analala vizuri?"

Kaburi lilionekana dogo kutoka pale, mawe meupe na shimo jipya upande wa kichwa.

"Kaburi ni zuri, Mama. Limefagiwa, mawe yamepangwa, jina lipo. Lakini ule mti wa picha umeoza, tumeung'oa asubuhi hii. Nimeuua mimi."

"Mtandao mbaya," Mjomba akasema kwa haraka. "Hatusikii. Ndugu wapendwa, amesema kaburi ni zuri..."

"Mimi nasikia," Mama akasema. "Kaa chini, Gerivazi. Umeuuaje?"

"Kwa maji. Ni mti usiotaka maji, sikuuliza. Nilimwagiza mtu aumwagilie kila Jumapili."

"Kila Jumapili?"

"Ndoo nzima."

"Hata wakati wa baridi?"

"Hata wakati wa baridi. Hiyo ndiyo iliyoua."

"Na maji yako karibu na hapo?"

"Hapana, Mama. Nusu saa, kupanda. Alibeba begani."

Nikasikia Mama akiivuta simu karibu naye.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Johannesburg."

"Na sare zako."

"Hazikuwa sare, Mama. Niliogopa."

Nilisikia pumzi yake. Nikajiambia msiba huu umeendelea, na nimeuendeleza mimi, mbele ya ukoo wote na Fanta zao.

"Nilijua," akasema. "Mpe simu huyo mtu."

Nikampa Ramadhani. Akashika simu kwa mikono miwili, akachuchumaa juu ya jiwe kana kwamba Mama amesimama mbele yake. "Shikamoo, mama... Ramadhani, mama... Wa upande wa sokoni, mama... Ndiyo, mama yangu mzazi ameshafariki... Hapana, haikuwa mbali. Kidogo tu... Nilikuwa namsalimia, namwambia habari za wiki, kisha nashuka... Ndiyo. Kila Jumapili. Moja tu sikwenda, niliumwa, nikaenda Jumatatu." Aliongea naye kuliko mimi nilivyoongea naye mwaka mzima. Mara akawa hasemi, anatikisa kichwa tu, na Mama hawezi kuona kichwa kwenye simu. Kisha kutoka ndani ya simu, mbali kwenye uwanja wetu, nikasikia vigelegele, na sauti ya Mjomba Gerivazi ikianza sala haraka haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Ramadhani akanirudishia simu. Imekatwa.

"Amesemaje?"

"Amesema anavua nguo nyeusi. Amesema mtoto aliyetembelewa kila Jumapili amelala vizuri." Akajifuta ndevu. "Na amesema nikupeleke chini ukakae naye. Kwamba tangu ufike umekata mti, umebeba mti, umepanda kilima, lakini kukaa hujakaa."

"Hajui hayo. Hakuniuliza."

"Aliniuliza mimi."

Tukashuka. Nikakaa chini, suti na yote, karibu na jina lake. Ramadhani akaniambia niweke sepetu pembeni, nikaiweka.

Wale mnaouliza kama nililia, ndiyo. Wale mnaouliza kama ilichukua muda, Ramadhani alirudi kwenye kambi ya wafanyakazi, akapika wali na ndagala, akala, akaosha sufuria, akapanda tena, akanikuta palepale.